Unarekodi kwa Linux Ukiwa Mwingi? Soma Hii Kabla Utume M-Pesa ya Saundi Kadi

Microsoft ilifunga masasisho ya kawaida ya Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025, na wenye laptopu za ex-UK ndio walihisi kabisa. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. ThinkPad T450 au EliteBook 840 G2 hazifiki hapo, hata kama bado zinapiga kazi fiti. Ndio maana siku hizi prodyusa wa mtaani akiambiwa "weka Linux" hacheki tena. Ni ya bure, haikuulizi leseni, na mashine ya 2015 inapumua upya.

Shida huanza siku ya kununua saundi kadi. Hapa tunaongea kuhusu kile kisanduku cha nje kinachochomekwa kwa USB, cha kuingiza maiki na gitaa kwa kompyuta, si ile kadi ya ndani. Ukiwa Mwingi, chaguo kubwa liko Nairobi, Luthuli Avenue na mitaa ya karibu. Ukituma doo, kisanduku kinapakiwa kwa gari la Garissa Road, kinapita Thika, Matuu, Kanyonyo, na jioni kiko stage. Ukikichomeka na Linux ikakaa kimya, ni wewe utakirudisha barabara hiyo hiyo, na muuzaji ana jibu moja tayari: "Kwa Windows si inashika? Basi ni mzima." Na kusema ukweli hajakosea. Yeye alikuuzia kitu kizima, wewe ndiye hukuuliza kama kitaongea na mashine yako.

Kwa hivyo hii si hadithi ya brandi gani ni kali. Ni hadithi ya draiva.

Neno moja la kutafuta kwa boksi

Kampuni nyingi hutengeneza saundi kadi, halafu zinaandika draiva ya Windows na ya Mac peke yake. Linux inaachwa nje. Kitu kinachotuokoa ni kwamba USB yenyewe ina kanuni za sauti zilizokubaliwa kimataifa, zinaitwa USB Audio Class. Kisanduku kikifuata kanuni hizo, hakihitaji draiva ya kampuni. Ndani ya kiini cha Linux kuna draiva moja ya jumla, jina lake snd-usb-audio, na inajua kuongea na kila kitu kinachofuata kanuni. Unachomeka, sekunde mbili, kimeonekana. Hakuna CD, hakuna kudownload.

Toleo la pili la kanuni hizo ndilo hubeba saundi kadi za kisasa zenye ubora wa juu. Linux ililielewa tangu karibu 2010. Windows ilipata draiva yake ya jumla ya toleo hilo mwaka 2017. Kwa hivyo mtu akikuambia Linux iko nyuma kwa mambo ya sauti, mwambie aangalie tarehe.

Boksi lenyewe mara nyingi haliandiki neno Linux popote, usishtuke. Tafuta maneno "class compliant" au "driverless". Ukiyakosa, angalia kama limeandikwa iPad. iPad ya kawaida haikuruhusu kuinstall draiva ya kampuni, kwa hivyo saundi kadi inayoshika kwa iPad moja kwa moja karibu kila mara inashika kwa Linux pia. Kwa upande mwingine, boksi likisema "lazima udownload programu yetu ndio kifaa kifanye kazi", rudisha kwa shelfu taratibu.

Kuna swali lingine ambalo watu husahau: vinobu viko wapi? Saundi kadi inaweza kuonekana kwa Linux vizuri kabisa, lakini kama sauti ya maiki, swichi ya volti 48 na kujisikiliza vyote vinaendeshwa kutoka kwa programu ya Windows, utabaki unaiangalia tu. Nunua ile ambayo mambo yote ya muhimu yako usoni kwa kisanduku, unayashika na vidole. Hii kanuni peke yake inakuepusha na nusu ya matatizo.

Tuseme ni ya kurekodi benga

Wakati wa Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, kurekodi kulimaanisha kusafiri Nairobi, na biashara ya kurekodi na kuuza santuri za lugha za nyumbani ilijaa River Road. Sasa gitaa linaweza kurekodiwa kwa chumba nyuma ya duka na mziki ukatumwa Musyi FM au Mbaitu FM kwa intaneti. Lakini gitaa la Kikamba lina tabia yake. Solo na ridhimu huongea pamoja, moja inauliza, nyingine inajibu, na ukizirekodi moja moja siku tofauti ule utamu unapungua. Kwa hivyo usihesabu maiki peke yake, hesabu watu wangapi watapiga kwa wakati mmoja.

Kama ni wewe na sauti yako tu, matangazo ya redio, podikasti au kurap juu ya biti, Behringer UMC22 inatosha na iko kati ya zile za bei ya chini. Ina tundu moja la maiki lenye volti 48 na tundu lingine la gitaa. Inaishia biti 16 na 48 kHz, na kuna wasee kwa YouTube watakuambia hiyo ni aibu. Wapuuze. Redio haitajua, na simu ya msikilizaji haitajua. Kwa Linux hii inashika bila maswali.

Kwa magitaa mawili kwa pamoja, panda hadi Behringer UMC202HD. Matundu yote mawili yanakubali maiki au jeki, na kila moja lina kibonyezo cha kuchagua kama ni gitaa. Hicho kibonyezo si cha urembo: ukichomeka gitaa la stima kwa tundu lisilo na nafasi ya gitaa, sauti inatoka imefifia juu, kama redio iliyofunikwa na blanketi. Kama ungetaka tuchague moja tu ya mtu anayeanza studio Mwingi na Linux, ni hii. Hakuna mbwembwe, vinobu vyote viko usoni, hauhitaji programu yoyote.

Ukitaka solo, ridhimu, besi na sauti zote kwa mpigo, UMC404HD ina matundu manne. Ila angalia vitu viwili. Kwanza, inatumia adapta ya ukutani, haiishi kwa USB peke yake, na stima ikipotea imepotea nayo. Pili, Linux inaweza kudhani matundu manne ni spika nne za sinema na kuyapanga vibaya. Dawa iko kwa mipangilio ya sauti: badilisha profaili ya kifaa iwe "Pro Audio", na kila tundu litajitokeza peke yake.

PreSonus AudioBox USB 96 na MOTU M2 pia ni za kuchomeka na kuendelea. M2 ni ya mtu aliyeomoka kidogo, na skrini yake ndogo ya kuonyesha viwango ni tamu kweli, lakini usiingie Fuliza kwa sababu ya skrini.

Halafu kuna Focusrite Scarlett, ile nyekundu ambayo kila mtu anaitaka kwa picha. Hii ina hadithi yake nzuri. Focusrite haikutoa draiva ya Linux kwa Scarlett hizi, lakini msee anaitwa Geoffrey Bennett aliandika mwenyewe draiva ya vidhibiti vya ndani vya kizazi cha pili, cha tatu na cha nne, pamoja na programu ya kuviendesha, alsa-scarlett-gui. Kazi yake ikaingia kwa kiini cha Linux. Kuanzia kiini namba 6.7 imewashwa tayari, na Ubuntu 24.04 ilitoka na 6.8, kwa hivyo ukiwa hapo hauna la kufanya. Lakini kuna mtego mmoja wa Scarlett mpya za kizazi cha tatu na cha nne: ukiichomeka mara ya kwanza inajifanya flashi ili ikufungulie ukurasa wa usajili. Ikiwa katika hali hiyo haitoi kila kitu. Chomoa USB, shikilia kibonyezo cha 48V, chomeka tena huku umekishikilia kwa sekunde tano hivi, halafu chomoa na uchomeke upya. Wengi walioandika mtandaoni kwamba Scarlett inasumbua kwa Linux walikuwa hapo tu.

Zenye utaachana nazo

V8, ile yenye taa za rangi na vibonyezo vya makofi na kicheko, ni ya kuenda live TikTok kwa simu. Kwa hiyo kazi iko sawa. Kwa studio, hapana: nyingi hazina tundu la pini tatu wala volti 48, na kelele yake ya chini utaisikia ukikompresi sauti. Ukiwa na maiki ya BM-800, ambayo wengi huanza nayo, ile waya ya kuchomeka moja kwa moja kwa laptopu ndiyo huifanya isikike dhaifu. Inunulie waya wa pini tatu pande zote mbili, iingize kwa saundi kadi yenye 48V, uwashe swichi, na utadhani umebadilisha maiki.

Universal Audio Apollo za Thunderbolt ni vifaa vya heshima lakini kwa Linux hazina draiva rasmi, na hazifai kwa mtu anayetaka kulala usingizi. Usichanganye na Volt za kampuni hiyo hiyo, hizo zinafuata kanuni ya USB. Zile za zamani za FireWire zinazokuja na mizigo ya mitumba zinauzwa bei ya kuvutia, na Linux inazijua nyingi, lakini laptopu yako haina hilo tundu. Na M-Audio za kitambo ambazo lazima zipakiwe firmwea kila zikiwashwa, waachie wakusanyaji.

Jaribu kabla hujalipa

Hii ndiyo sehemu ya pesa yako. Tafuta flashi ya GB 16, nenda saiba yenye intaneti ya nguvu (faili ni la GB kadhaa, usichome bando), udownload Ubuntu Studio, na uiandike kwa flashi na Rufus au balenaEtcher. Ubuntu Studio ni Linux iliyopangiwa watu wa sauti na video, na inaweza kuwaka kutoka kwa flashi bila kugusa chochote ndani ya laptopu. Beba laptopu yako na hiyo flashi hadi dukani. Kama unatumia mtu wa kukununulia Nairobi, mpe flashi, na umwombe muuzaji ruhusa ya kuitumia kwa kompyuta yoyote pale. Duka likikataa hata dakika kumi, hilo ni jibu pia.

Chomeka kisanduku, fungua terminali na uandike:

arecord -l

Jina la saundi kadi likitokea kwa orodha, Linux imeiona kama kitu cha kurekodi. Likikosa kutokea, andika lsusb. Kama hata hapo halipo, shuku waya kwanza, maana kuna waya za USB zinazobeba chaji tu. Jaribu nyingine kabla ya kulaumu kifaa. Kama lsusb inaliona lakini arecord hailioni, funga boksi, umshukuru muuzaji.

Ikionekana, chungulia zaidi:

cat /proc/asound/cards
cat /proc/asound/card1/stream0

Amri ya kwanza inakuonyesha namba ya kadi; kama si 1, badilisha kwa amri ya pili. Ya pili inakuambia ukweli ambao stika ya boksi inaweza kuficha: njia ngapi za kuingiza sauti, na ni kasi gani zinakubalika. Boksi likijigamba 192 kHz na hapa unaona 48000 peke yake, au likisema matundu mawili na hapa njia ya kurekodi ni moja, umeshajua bidhaa ni feki au si ile uliyoagiza.

Sasa fungua Audacity, rekodi dakika kumi huku unaongea na kugusa kila kinobu. Sikiliza kwa hedifoni. Unatafuta mikwaruzo, sauti inayokatika, na kinobu kinachotoa kelele kikizungushwa. Usiridhike na "moja mbili, moja mbili" ya sekunde tano. Vifaa vibovu huwa na adabu dakika ya kwanza.

Ukifika kejani

Swali la kwanza huwa hili: mbona naisikia maiki sikio moja? Kifaa ni kizima. Tundu la kwanza ni upande wa kushoto, la pili ni kulia, na programu imedhani unarekodi stirio. Fungua traki ya mono, uchague tundu moja, mambo kwisha.

La pili ni kuchelewa kwa sauti. Kompyuta hukusanya sauti kwenye bafa kabla ya kuishughulikia. Kwa 48,000 kwa sekunde, bafa ya 256 ni kama milisekunde 5.3, na ukihesabu kuingia, kutoka na USB yenyewe unaweza kufika 12 au 15. Hewani, sauti hutembea sentimita 34 hivi kwa kila milisekunde. Kwa hivyo milisekunde kumi ni kama kusimama mita tatu na nusu kutoka kwa ampu, jambo ambalo mpiga gitaa yeyote wa harusi amelizoea. Bafa ya 1024 ni milisekunde 21 kwa kuingia peke yake. Hapo ampu ni kama iko ng'ambo ya barabara, na mwimbaji ataanza kuburuta. Kwa Linux za kisasa sauti inasimamiwa na PipeWire, ambayo Fedora iliiweka ya kawaida 2021 na Ubuntu 22.10 ikafuata. Kujaribu bafa ya 128:

pw-metadata -n settings 0 clock.force-quantum 128

Ikikwaruza, weka 256. Ukiandika 0 inarudi kawaida. Rekodi na bafa ndogo, kisha ukimiksi ipandishe, hakuna mtu anakungoja. Na kama saundi kadi ina swichi ya kujisikiliza moja kwa moja, itumie. Mwimbaji anajisikia kutoka kwa kisanduku bila kupitia kompyuta hata kidogo. Laptopu ya kizazi cha nne haitasumbuka.

Usipotumia Ubuntu Studio, hakikisha jina lako liko kwa kikundi cha audio (sudo usermod -aG audio $USER, kisha utoke na uingie tena). Mikwaruzo mingine huishia hapo.

FL Studio je?

Hapa hatutakudanganya. FL Studio haina toleo la Linux. Inaweza kuwaka kupitia Wine, lakini kama biti zako zote za miaka minne ziko humo na mteja anangoja Ijumaa, usihame Jumatano. Weka Linux kando ya Windows kwanza, uzoee. Reaper ina toleo rasmi la Linux, unaijaribu siku 60, na leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Ardour na LMMS ni za bure. Plagini za Windows nyingi zinashika kupitia yabridge, isipokuwa zile zenye ulinzi mkali wa leseni. Na kwa wale wa gengetone mnaouliza ototyuni: x42 ina yake ya bure, na Graillon ina toleo la Linux.

Stima, joto na nzige wa usiku

Saundi kadi inayokula stima ya USB peke yake ni baraka Mwingi. Token zikiisha au laini ikizima katikati ya kwaya, betri ya laptopu inaendelea na traki haipotei. Ukisikia mlio wa "zzzz" chini ya rekodi, chomoa chaja ya laptopu usikilize tena. Mara nyingi mlio unaondoka nayo, hasa chaja ikiwa feki au chumba kikiwa kwa inveta ya bei rahisi ya sola. Rekodi na betri, chaji wakati wa chai. Usichomeke saundi kadi kwa habu ya USB yenye matundu manne na taa ya samawati. Ipe tundu lake kwa laptopu.

Joto la mchana litafanya feni ya laptopu inguruме kama posho mill. Sogeza laptopu mbali, waya wa maiki wa mita tano ni rahisi kuliko kujenga ukuta. Wengi hurekodi sauti usiku, kuna baridi na boda zimepungua, ingawa hapo wadudu wa nje wanaanza kwaya yao.

Na kama kazi yenyewe iko nje, tuseme ni kilumi na ngoma zake kwa uwanja wa mtu, acha saundi kadi nyumbani. Rekoda ya mkononi kama Zoom H4n inarekodi kwa kadi ya memori na betri mbili za AA, halafu ukirudi unaichomeka kwa USB na Linux inaifungua kama flashi. Siku ukiihitaji mezani, ndani ya menyu yake kuna hali ya kuigeuza iwe saundi kadi ya njia mbili. Ipige mtihani ule ule wa arecord -l dukani, na ukumbuke kubeba betri za ziada, kwa sababu ikiwashwa volti 48 inazimaliza mbio.